Bustani ya Mfalme Yatengenezwa Upya

Somo letu la leo linatoka mbali, nchi ya Ufaransa. Karibu na mji wa Paris lipo jumba la wafalme liitwalo Versailles. Tamka: Versai. Bustani yake ilipangwa na fundi André Le Nôtre kwa amri ya Mfalme Louis wa 14. Mtindo wa siku zile unaitwa baroki. Njia zimenyooka kama zimepigwa kamba, miti imekatwa kama kuta, na maji yanarushwa juu kwa mabomba. Mfalme alitaka mgeni aone kwamba hata miti inamtii.

Ndani ya bustani kulikuwa na viwanja vidogo vilivyozungukwa na miti. Kimoja kiliitwa Jukwaa la Maji. Kilitengenezwa kati ya mwaka 1671 na 1674, na humo maji yalirukaruka kama wachezaji wa ngoma.

Je, maji hayo yalitoka wapi? Hapo ndipo penye kazi. Ilijengwa mashine ya magurudumu 14 ya kupandisha maji ya mto Seine mlimani. Hayakutosha. Mwaka 1685 maelfu ya askari wakaanza kazi ya kuleta maji ya mto Eure. Wengi waliugua wakafa. Vita ilipoanza mwaka 1688 kazi ikaachwa, na maji ya Eure hayakufika. Basi mafundi wakawa wanapigiana miluzi: mfalme anakuja huku, fungua, amepita, funga! Ndugu msomaji, wewe unayechota maji kwa ndoo unaijua gharama ya mchezo huo.

Wakati wa Louis wa 16 Jukwaa la Maji likavunjwa, pakabaki duara la majani tu. Halafu zikaja dhoruba, mwaka 1990 na tena Desemba 1999. Maelfu ya miti ya Versailles ikaanguka.

Sasa, mahali kama hapo utapatengenezaje? Njia moja ni kufuata michoro ya kale. Waholanzi walifanya hivyo katika bustani ya Het Loo, iliyofunguliwa tena mwaka 1984. Lakini bustani si kiti kilichovunjika mguu. Mti uliokufa haufufuki. Na pale unapokisia, mgeni atadhani anaona kitu cha kale, kumbe ni cha jana.

Versailles walichagua njia nyingine. Mwaka 2011 waliitisha mashindano ya mafundi. Alishinda msanifu wa bustani Louis Benech, pamoja na msanii Jean-Michel Othoniel. Hawakuiga kazi ya Le Nôtre. Walibakiza wazo lake la jukwaa na maji, wakapanda miti mipya, na kuweka chemchemi tatu za mipira ya vioo iliyopakwa dhahabu. Umbo la chemchemi hizo limetokana na kitabu cha Feuillet, mtu aliyeandika hatua za kucheza kwa alama, maana Louis wa 14 alikuwa mchezaji hodari. Kumbe hata ngoma huandikika! Wananchi walifunguliwa mahali hapo mwaka 2015.

Sisi dhahabu ile tunaiona imezidi kidogo. Lakini kutodanganya umri wa kitu, hilo tunalipenda.

Jadilini katika kikundi chenu: jengo la wazee likianguka, mtalijenga vilevile au kwa namna mpya? Nani aamue?