Tumbo la Asubuhi ya Shule



Mama mmoja wa hapa Mandewa alimleta mwanawe wa darasa la tatu akilalamika tumbo. Tulipima malaria, tukapima choo, hatukuona kitu. Nikamwuliza mama, "Huumwa lini?" Akafikiri, akajibu, "Asubuhi, siku za shule. Likizo hajaumwa hata mara moja."

Mtoto huyo huuza kuku wa mama yake na hakosei chenji. Lakini kitabuni huchanganya b na d, huruka silabi, na neno alilolisoma jana leo ni geni kwake. Wenzake humwita mbumbumbu.

Hali hii huitwa disleksia. Si ujinga, si uvivu, wala si kurogwa. Ubongo hupata taabu kuunganisha herufi na sauti zake. Mara nyingi hali hii hufuata ukoo. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, alieleza habari za kijana wa miaka 14 aliyeshindwa kusoma. Mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu.

Je, tabia ya mtoto huathirikaje? Mwanzoni hujitahidi sana. Akichekwa, huona aibu. Aibu ikizidi, mmoja hunyamaza na kujitenga, mwingine huwa mgomvi, mwingine huumwa tumbo kweli, hasingizii. Mwishowe hujiambia, "Mimi sina akili." Jeraha hilo ni baya kuliko herufi zenyewe.

Tufanye nini nyumbani?

1. Apimwe kwanza macho na masikio. Disleksia yenyewe haina kidonge wala sindano.

2. Tusimpige, wala tusimlinganishe na ndugu zake.

3. Tusome naye kidogo kila siku. Aandike mchangani kwa kidole huku akitamka: ba, be, bi.

4. Tuzungumze na mwalimu, asimsimamishe kusoma mbele ya darasa bila kumwandaa.

5. Tumpe kazi anayoiweza, na tumsifu wengine wakisikia.

Mama yule alifuata hayo. Kusoma bado ni polepole, ila tumbo limetulia. Juzi walipita zahanati, mtoto akasimama mbele ya bango la mlangoni, akalisoma silabi kwa silabi hadi mwisho. Mama alisubiri, hakumkatiza.