Darsa: Kusema Mbele ya Wakubwa wa Kazi

Miongoni mwa mambo ambayo watu wetu hawakujifunza, wala hawadhani kuwa ni ya kujifunza, ni namna ya kusimama mbele ya wakubwa wa kazi na kuwaeleza jambo hata wakalikubali. Mtu ni hodari wa maneno barazani, azungumza tangu alasiri hata magharibi na hapana anayechoka kumsikiliza. Lakini akiitwa mbele ya meneja au halmashauri akapewa dakika kumi, saba humaliza kwa utangulizi, mbili kwa kulalamika, na haja yenyewe huitoa hali amekwisha shika kitasa cha mlango. Kisha hutoka akisema hawakutaka kumsikiliza.

Sisi twaona kuwa dawa ya jambo hili si ufasaha bali ni matayarisho, na mfano tutoao ni wa mtu ambaye hata sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, tabu kusikilizana. Huyo ni Daktari John Snow wa London. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho, kikashika watu zaidi ya 500 katika siku kumi, nao wakafa. Snow alikuwa ameandika tangu mwaka 1849 kuwa maradhi haya huenea kwa maji. Madaktari walio wengi waliamini kuwa yatokana na hewa chafu. Lau angekwenda kushindana nao juu ya hewa na maji, twadhani mpaka leo wangali wakishindana.

Yeye alitafuta kwanza khabari za vifo 83 vilivyoandikwa daftarini, kisha akaenda mtaani mwenyewe. Akaona karibu wote walikufa jirani na pampu moja ya maji, ya Broad Street. Waliosalia ni 10, ambao nyumba zao zilikuwa karibu zaidi na pampu nyingine.

Hapa msomaji na asimame kidogo. Hao 10 ndio ambao mvivu angewaficha, akiomba asiulizwe. Snow aliwaendea. Jamaa za watano wakamwambia kuwa wao siku zote hutuma maji Broad Street, kwa kuwa wayapenda zaidi. Watatu wengine walikuwa watoto waliosoma skuli karibu na pampu ile. Basi lile lililokuwa pingamizi likageuka kuwa hoja yenye nguvu kuliko zote. Na katika wale waliokaa karibu na pampu, aliambiwa kuwa 61 walikuwa wakinywa maji yake.

Jioni ya Alkhamisi, tarehe 7 Septemba, alikwenda mbele ya halmashauri ya parokia ya St James akawaeleza hayo. Hakuwataka waiache itikadi yao ya hewa. Aliwataka waondoe mkono wa pampu, jambo lililokuwa katika uwezo wao na gharama yake si kitu. Yasimuliwa kuwa hawakusadiki, lakini kesho yake mkono uliondolewa. (Ile ramani yake mashuhuri aliionyesha baadaye, usiku ule alikuwa na maneno na hesabu tu. Na yeye mwenyewe aliandika kuwa maradhi yalikuwa yamekwisha anza kupungua, kwa kuwa watu wengi walikimbia mtaa.)

Sasa natumtazame karani wa ghala ambaye paa lake lavuja. Akisema, "Bwana, hali ni mbaya sana," hakusema kitu. Na ahesabu magunia yaliyorowa masika haya, na katika pembe gani. Aulize bei ya mabati. Yakiwapo magunia yaliyorowa kwa sababu nyingine, ayataje yeye kabla hajaulizwa. Na amjue anayesema naye: msimamizi asiye na idhini ya fedha haombwi mabati, huombwa amfikishe kwa mwenye idhini. Maneno yake ayaseme kwanza nyumbani, kwa sauti, saa ikiwa mbele yake, na msikilizaji awe mtu asiyeijua kazi ile. Penye kumtatiza huyo, ndipo pa kutengeneza.

Akisha kutaja haja yake, anyamaze. Wengi wetu huiharibu hapo, kwa kuogopa kimya cha mkubwa. Na akiulizwa asilolijua, aseme kuwa halijui na kwamba jawabu ataileta kesho. Na kesho ailete.