Je, Hisabu ni Ilimu ya Wanaume?

Ndugu msomaji, katika darsa letu lililopita lilizuka neno ambalo yafaa liandikwe na litazamwe kwa utulivu. Mmoja katika wenzetu, mtu mwema na mzazi mwenye kuwapenda wanawe, alisema kuwa binti yake yumo Gredi ya 9, na sasa yampasa achague njia moja katika zile tatu za sekondari ya juu: sayansi na hisabu, ilimu za jamii, au sanaa na michezo. Binti mwenyewe ataka sayansi. Baba akasema: "Mimi nimemwambia aache. Hisabu na fizikia ni mambo ya wanaume. Akili ya mwanamke haikuelekezwa huko." Watu wengi barazani wakatikisa vichwa kwa kukubali, wala hapana hata mmoja aliyemwuliza: "Umelijuaje hilo?"

Swali hilo ndilo darsa letu la leo. Sisi twasema kila siku kuwa haifai mtu kufuata jambo kwa sababu tu amewakuta wazee wake wakilifuata, bali atake dalili. Basi haielekei kuwa tuidai dalili katika mambo ya watu wengine, kisha tuiache lifikapo jambo la nyumbani mwetu. Tuzitwae hoja za wenye kusema maneno hayo, moja baada ya moja, tuzipime.

Hoja ya kwanza: maumbile

Wasema kuwa mwanamume ameumbwa na akili ya hisabu, na mwanamke hakuumbwa nayo. Lau ingekuwa hivyo, tofauti hiyo tungeiona katika kila nchi na kila zama, kama vile tuonavyo kuwa ndevu huwaota wanaume wa nchi zote. Lakini sivyo tuonavyo.

Tutazame nchi ya Omani, ambako wengi katika watu wa pwani yetu wana jamaa zao. Kabla ya mwaka 1970 nchi ile ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, zenye wanafunzi kiasi cha 900, na wote walikuwa wavulana. Baada ya mwaka huo zikafunguliwa skuli za wasichana mijini na vijijini. Mwaka 2015 ukafanywa mtihani wa kimataifa uitwao TIMSS, ambao huwapima wanafunzi wa nchi nyingi katika hisabu na sayansi kwa kipimo kimoja. Katika wanafunzi wa Gredi ya 8 wa Omani, wasichana waliwapita wavulana kwa hisabu, na wakawapita kwa sayansi pia. Ikawa vivyo hivyo Bahareni na Yordani.

Basi na tuulize: je, akili za wanawake wa Omani ziliumbwa upya katika muda wa miaka 45? La, hasha. Kilichogeuka ni mlango wa skuli, ambao ulikuwa umefungwa ukafunguliwa. Wala hatusemi kwa ushahidi huu kuwa wasichana wana akili kuwashinda wavulana, kwani ziko nchi nyingine ambazo wavulana hutangulia, na nyingine ambazo hapana tofauti ya kutajika. Twasema hivi tu: jambo ambalo hugeuka kwa kugeuka nchi na zama, si haki kuliita maumbile.

Hoja ya pili: wako wapi mabingwa wao?

Wengine husema: "Kama wanawake wana uwezo huo, mbona mabingwa wote wa hisabu tuliosomeshwa majina yao ni wanaume?" Hili ni swali la haki, na jawabu lake limo katika tarehe.

Mwaka 1794 kilipoanzishwa Paris chuo kikubwa cha École Polytechnique, wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Alikuwako binti mmoja wa mji huo, Sophie Germain, aliyezaliwa mwaka 1776. Alizipata karatasi za masomo ya chuo kile akazisoma nyumbani kwao, akawa akimpelekea mwalimu Lagrange kazi zake kwa jina la mwanamume, LeBlanc. Kwa jina hilo hilo akaanza mwaka 1804 kuandikiana na Gauss, bingwa mkubwa wa hisabu wa Ujerumani, na Gauss hakujua kuwa mwenziwe ni mwanamke mpaka mwaka 1807. Alipojua hakumdharau, bali alizidi kumsifu. Mwaka 1816 bibi huyu akapata tuzo ya chuo cha wataalamu cha Paris kwa hisabu zake za mtetemo wa mabamba.

Miaka mia moja baadaye hali ilikuwa bado ni karibu na hiyo. Emmy Noether, Mjerumani, alialikwa mwaka 1915 na mabingwa Hilbert na Klein aje Göttingen kufundisha. Baadhi ya walimu wa chuo wakapinga kwa sababu ni mwanamke, ikawa masomo yake hutangazwa kwa jina la Hilbert, mpaka mwaka 1919 aliporuhusiwa kufundisha kwa jina lake. Na katika muda huo huo wa kunyimwa jina, mwaka 1918, alitoa kanuni ambayo wanafizikia huitegemea hata leo. Kwa kanuni hiyo tunafahamu kuwa nishati haipotei kwa sababu sheria za maumbile ni zile zile jana, leo na kesho.

Basi mwenye kuuliza "wako wapi?", na aulize kwanza, "Ni nani aliyeufunga mlango?" Aliyemfungia mtu chumbani hana haki ya kumlaumu kwa kuwa haonekani njiani.

Hoja ya tatu: hizi si ilimu za mwanamke wa Kiislamu

Hoja hii ndiyo nzito kwa watu wetu, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Katika karne ya 4 ya Hijra aliishi Baghdad bibi mmoja, Amatul-Wahid binti Husein al-Mahamili, maarufu kwa jina la Sutayta, binti wa kadhi. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyeandika tarehe ya mji huo, amemtaja katika kitabu chake. Bibi huyu alikuwa amehifadhi Kurani, ni mjuzi wa fikihi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ifuatwayo na wengi wetu katika pwani hii, na mjuzi wa faraidhi na hisabu. Naye alikuwa akitoa fatwa pamoja na mwanachuoni Abu Ali bin Abi Huraira. Alifariki mwaka 377 wa Hijra, sawa na 987 Miladi. Na Ibn al-Nadim wa zama hizo hizo amemtaja binti wa al-Ijli, aliyekuwa fundi wa asturlabu, chombo cha kupimia nyota, katika mji wa Halab kwa mfalme Sayf al-Dawla.

Twaona kuwa wazee wetu hawa waliyaandika majina ya wanawake hao kwa sifa, si kwa kustaajabia maajabu. Basi hii ada yetu ya kuwaweka mabinti mbali na hisabu hatukuirithi kwao.

Tena, ilimu ya mirathi yenyewe ni hisabu. Tutwae masuala moja. Mtu amekufa, ameacha mke, mama, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja. Mke ana thumuni, yaani fungu moja katika 8. Mama ana sudusi, yaani fungu moja katika 6. Itakayobaki ni ya watoto, mwana mafungu mawili na binti fungu moja. Tukiigawa mali mafungu 24, mke hupata 3 na mama 4. Yabaki 17, na 17 haigawanyiki kwa 3 bila ya kuvunjika. Basi twazidisha 24 kwa 3, hupata 72. Mke atwaa 9, mama 12, mwana 34 na binti 17. Jumlisha, utaona ni 72.

Tuzingatie: katika warithi hao wanne, watatu ni wanawake. Ikiwa wote watatu wamelelewa kwa kuambiwa kuwa hisabu si yao, watapokea watakachopewa, wala hawatajua kama wamepewa haki yao au wamedhulumiwa. Je, ni nani afaidiye kwa ujinga huo? Kila mmoja wetu na ajijibu moyoni mwake.

Neno dogo lifanyavyo

Yawezekana mtu aseme: "Haya, nimekubali, lakini mimi sikumfungia binti yangu mlango. Nilisema neno tu." Na sisi twamwambia: neno ndilo lango.

Maryam Mirzakhani alizaliwa Tehran mwaka 1977. Alipokuwa msichana mdogo skulini, mwaka mmoja hakufanya vyema katika hisabu. Mwalimu wake aliona kuwa hana kipawa kikubwa, naye akavunjika moyo. Mwaka uliofuata akapata mwalimu mwengine aliyemtia moyo, akatangulia. Baadaye yeye na rafiki yake wakamwendea mkuu wa skuli yao, wakataka mafunzo ya mashindano ya hisabu kama yale wapewayo wavulana. Mkuu yule, naye ni mwanamke, akawaletea, ijapokuwa timu ya Iran ilikuwa haijapata kuwa na msichana. Mwaka 1994 Maryam akapata medali ya dhahabu katika mashindano ya mataifa. Na mwaka 1995 akaipata tena, bila ya kukosa hata alama moja. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Nishani ya Fields, ambayo ni katika heshima kubwa kabisa za hisabu duniani, nayo ilianza kutolewa mwaka 1936. Alifariki mwaka 2017, umri wake miaka 40.

Binti ni yule yule, na akili ni ile ile. Baina ya mwaka wa kuvunjika moyo na mwaka wa kutangulia, kilichogeuka ni neno la mwalimu.

Na neno hili huingia mapema. Wachunguzi wa Marekani walieleza mwaka 2017 kuwa waliwasimulia watoto khabari ya mtu mwenye akili nyingi mno, kisha wakawaonyesha picha za wanaume na wanawake, wakawauliza ni nani katika hao. Watoto wa kike wa miaka 5 waliwachagua wanawake, kama vile wavulana walivyowachagua wanaume. Lakini wenye miaka 6 na 7 walikuwa wamekwisha kupunguza kuwachagua wanawake, na huku wao wenyewe walikubali kuwa wasichana ndio wapatao alama nzuri skulini. Yaani mtoto aona kwa macho yake kuwa aweza, na bado huamini aliyoyasikia.

Wala wasomi wakubwa hawakusalimika. Mwaka 2012 watu wa chuo kikuu cha Yale waliwapelekea walimu 127 wa sayansi wa vyuo vikuu vya Marekani barua ya mwombaji kazi. Barua ilikuwa moja, neno kwa neno. Ila baadhi yao walipewa yenye jina la John, na wengine yenye jina la Jennifer. John akaonekana ndiye mjuzi zaidi, akakadiriwa mshahara wa dola 30,238 kwa mwaka, na Jennifer dola 26,508. Na walimu wanawake walihukumu kama walimu wanaume. Basi mama asidhani kuwa maneno haya yamwelekea baba peke yake.

Yatupasayo

Hatusemi kuwa kila binti lazima achague sayansi. Yuko apendaye lugha, na yuko apendaye biashara, na kila mmoja ana kheri yake. Twasema kuwa achague kwa kupenda na kwa kujipima, si kwa kutishwa. Tukitaka hivyo, yatupasa mambo matatu. La kwanza, tuliache kabisa neno "hii si ilimu yako", kwa mzaha na kwa kweli. La pili, binti akianguka katika hisabu tumtendee kama tumtendeavyo kaka yake, ambaye hutafutiwa mwalimu wa jioni. Kuanguka kwa mvulana twakuita uvivu, na kwa msichana twakuita maumbile, na hiyo si insafu. La tatu, kazi za nyumbani zigawanywe, ili naye apate saa ya kukaa na daftari lake kabla ya kuchoka.

Mwenzetu yule ameahidi kuisoma karatasi hii pamoja na binti yake. Twamwomba, wakimaliza kusoma, asiwe yeye wa kwanza kusema.

Maswali ya darsa lijalo

1. Mtu amekufa, ameacha mke, mabinti wawili na mwana mmoja wa kiume. Kila mmoja apata mafungu mangapi? Swali hili wapewe mabinti zetu nyumbani, nao watuletee jawabu.

2. Ni neno gani juu ya akili ya wanawake ulilolisikia utotoni ukalikubali bila ya dalili?