Oktoba ni bati, Juni ni nyufa: vidokezo 11 vya joto na baridi kwa nyumba za Lizaboni

Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo linaamua mengi ndani ya nyumba zetu za Lizaboni. Juni na Julai, upepo wa kusini-mashariki ukishaanza, usiku kipimajoto hushuka hadi nyuzi 12 hivi na makoti hayavuliwi mpaka jua lipande. Oktoba ikifika, kabla mvua hazijaanza, bati linawaka na chumba hakilaliki. Nyumba ileile inataka kupashwa joto na kupozwa ndani ya mwaka mmoja, na wengi hukimbilia dukani kununua kifaa kabla ya kuikagua nyumba yenyewe. Ndiyo maana naanza na jua, paa na nyufa, kisha nafika kwenye feni, hita na kiyoyozi. Kidokezo cha 3 naomba usikiruke.

1. Jua linapita wapi?
Tuko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 10 na ushee. Kwa hiyo Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini, na mwishoni mwa Oktoba linapita karibu utosini kabisa. Hii ni elimu ya bure kwa anayejenga au anayetafuta chumba cha kupanga. Dirisha la kaskazini linakuletea jua ndani wakati wa baridi, ilhali Novemba na Desemba linabaki kivulini. Ukuta wa magharibi ndio wenye matatizo: unapigwa na jua la alasiri, matofali ya kuchoma yanalihifadhi lile joto, halafu yanakurudishia saa tatu usiku ukiwa unatafuta usingizi. Kama kiwanja kinaruhusu, panda mti upande huo, au jenga baraza lenye kivuli. Juni, fungua mapazia ya kaskazini tangu asubuhi, uyafunge jua linapozama.

2. Oktoba, anza na bati
Jua likiwa utosini, kuta hupigwa kidogo na paa hupigwa sana. Ukitaka kuhakikisha, saa nane mchana panda kwenye stuli unyooshe mkono karibu na bati la chumba kisicho na dari: utasikia joto linashuka usoni kabla hujaligusa. Chumba cha aina hiyo hakisaidiwi na feni, kwa kuwa feni inasukuma hewa ileile ya moto. Dawa ya kwanza ni dari, iwe ya jipsamu, ya mbao au ya silingi bodi. Dawa ya pili ni kuiacha hewa iliyo kati ya dari na bati itoke: weka matundu pande mbili za paa, juu kabisa pembeni mwa kenchi, uyafunike kwa wavu wa chuma ili popo na panya wasiingie. Bati jipya unalonunua, chagua rangi ya kung'aa au nyeupe. Bati la rangi nzito linapendeza barabarani lakini linameza jua zaidi.

Usiku wa Oktoba hewa ya nje huwa imeshapoa mapema kuliko ya ndani. Funga madirisha mchana, uyafungue jioni yakiwa na nyavu za mbu, kisha weka feni ya kusimama karibu na dirisha ikitazama nje. Itatoa hewa ya moto, na hewa baridi itaingia yenyewe kupitia dirisha la upande wa pili.

3. Jiko la mkaa lisilale chumbani
Kila msimu wa baridi katika mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini husikika habari za familia iliyoingiza jiko la mkaa ndani, ikafunga mlango, na asubuhi majirani wakavunja. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikohozeshi. Inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtu aliyelala hupitiliza usingizini bila kujua.

Ziko imani tatu zinazopaswa kuondoka. Ya kwanza ni kwamba mkaa ukishakolea mwekundu na moshi kuisha, hatari imekwisha. Si kweli, moshi ndio umekwisha, gesi inaendelea kutoka hata makaa yakianza kufunikwa na majivu. Ya pili ni kuweka sufuria la maji kando ya jiko eti linyonye sumu. Maji hayaifyonzi gesi hii kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Ya tatu ni kuacha dirisha wazi kidogo tu. Upenyo wa vidole viwili hautoshi.

Ninaumia zaidi ninapofikiria mama aliyejifungua Juni, akiwekewa jiko chini ya kitanda kwa mapenzi ya bibi anayetaka mtoto apate joto. Joto la kichanga liko kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani na blanketi juu yao wote wawili. Hospitalini ndivyo wanavyofundisha kwa watoto njiti, na nyumbani inafaa vilevile. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa taulo inapasha kitanda kabla hamjalala. Iondoeni mtoto anapowekwa.

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea vikiwapata watu wawili au watatu wa chumba kimoja kwa pamoja, msifikirie malaria kwanza. Fungueni milango, watoeni nje kwenye hewa safi, kisha moja kwa moja hospitali, mkamweleze daktari kwamba kulikuwa na mkaa ndani. Namba ya Zimamoto ni 114. Yote haya yanahusu pia jiko la gesi linalotumiwa kupasha chumba, na jenereta iliyowashwa koridoni.

4. Ziba nyufa
Washa mshumaa usiku wenye upepo, upitishe taratibu kando ya fremu za milango na madirisha. Mwali utakapoinama, hapo ndipo joto lako linapotokea. Kitambaa kilichoviringishwa chini ya mlango, silikoni kwenye fremu na pazia zito vinafanya kazi kubwa kwa pesa ndogo. Matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha yaache, hasa kama chumba hicho kinalala watu wengi.

5. Piga hesabu ya hita kabla ya kuinunua
Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kila saa. Ukiiwasha saa 3 kila usiku, ni uniti 6 kwa siku na uniti 180 kwa mwezi. Aliye kwenye D1, ile tarifu ya wateja wadogo yenye uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, ataimaliza nafuu hiyo ndani ya wiki mbili tu, na hapo sijahesabu friji wala televisheni. Baada ya uniti 75, bei ya kila uniti inapanda zaidi ya mara tatu.

Kama ni lazima uwe nayo, ichomeke ukutani kwenye soketi imara, si kwenye ekstensheni ya kuchajia simu. Baada ya nusu saa gusa plagi. Ikiwa ya moto, zima na umwite fundi, maana mguso ndani ya soketi umelegea na moto huanzia hapo. Usianike nguo juu ya hita.

6. Pangaboi likizunguka kivivu
Mara nyingi ni kapasita, kile kiboksi kidogo cheusi kilichofichwa kwenye kikombe cha juu. Fundi anakibadilisha dakika chache, na namba iliyoandikwa ubavuni lazima ifanane na ya zamani. Likiyumba, angalia skrubu za mabawa na ufute vumbi: vumbi letu jekundu likiganda upande mmoja linaharibu mizani. Feni inakula wati 50 hadi 75, yaani usiku mzima haifiki hata uniti moja. Kwa nyumba nyingi za Lizaboni zenye dari nzuri, feni inatosha.

7. Ukinunua kiyoyozi, nunua kinachotoa na joto
Hapa ndipo Songea inapotofautiana na Dar es Salaam. Viyoyozi vingi madukani ni vya kupoza tu, na mwenye duka aliyezoea wateja wa pwani hatakuuliza. Angalia rimoti: ikiwa na alama ya theluji peke yake, hicho kinapoza tu, ikiwa na alama ya jua pia, kinapasha. Kiyoyozi cha namna hii hakitengenezi joto kwa kuunguza waya kama hita. Kinalichota joto lililomo kwenye hewa ya nje, hata kama ni ya nyuzi 12, na kuliingiza ndani, hivyo kwa uniti moja ya umeme unaweza kupata joto la uniti tatu. Baridi yetu si kali kiasi cha kukishinda.

Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 chenye dari kinatosheka na BTU 9,000. Aina ya inverta ni ghali dukani ila inapunguza kasi yenyewe chumba kikishafika nyuzi ulizotaka, badala ya kuzima na kuwaka kwa kishindo. Chumba kisicho na dari, usikifungie kabisa.

8. Osha filta wewe mwenyewe
Zima umeme. Shika pembe mbili za uso wa mashine ya ndani, uinue juu mpaka ujishikilie. Utaona nyavu mbili nyembamba za plastiki. Zisukume juu kidogo, kisha zivute chini. Kwa miezi ya kiangazi Lizaboni utakuta tabaka la vumbi jekundu lililoshikana na nyuzi za mablanketi, nene kiasi cha kubanduka kama kitambaa. Peleka kwenye beseni, mwaga maji kutokea upande wa nyuma ili uchafu usukumwe ulikotoka, tumia sabuni kidogo, kung'uta, anika kivulini. Juani plastiki inajikunja na haitaingia tena. Kiangazi fanya hivyo kila baada ya wiki mbili. Masika, mara moja kwa mwezi.

Mashine ya nje nayo inahitaji nafasi ya kupumua. Kuizungushia magunia ya mahindi au kuijengea kibanda kunaichosha bure.

9. Gesi haiishi
"Mama, gesi imeisha, tuongeze." Maneno haya yamewagharimu watu pesa nyingi. Gesi ya jikoni inaungua, kwa hiyo inaisha. Ya kiyoyozi inazunguka ndani ya bomba zilizofungwa, na mashine iliyofungwa vizuri haihitaji kuongezwa. Ikiwa imepungua, kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kuirusha hewani. Mwombe fundi akuonyeshe presha kwenye geji, kisha apake povu la sabuni kwenye maungio ya bomba za shaba. Panapotoa mapovu ndipo penye kazi.

Soma pia stika ya mashine ya nje. R22 ni gesi ya zamani inayodhuru tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987 inazitaka nchi zinazoendelea ziachane nayo karibu kabisa ifikapo 2030. R410A na R32 ndizo za siku hizi, japo nazo zinachangia kuongezeka kwa joto la dunia, na ndiyo sababu mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za kundi hilo. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo asiwepo mvuta sigara wakati fundi anafungua bomba. Gesi hazichanganywi. Fundi akitaka kutia aina tofauti na ya stika kwa sababu "ndiyo aliyo nayo", mshukuru na umwache aende.

10. Umeme ukirudi, subiri
Kabla ya 2018 mji wetu ulitegemea sana majenereta ya dizeli. Mwaka huo njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilituunganisha na gridi ya taifa, na hali ikawa afadhali mno. Bado umeme hukatika, na ukirudi huweza kuja na kishindo. Kompresa ya kiyoyozi ikilazimishwa kuwaka presha ikiwa haijatulia, inaunguruma, inapata moto, na mwisho inaungua, nayo ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko zote. Ipe dakika 3 hadi 5. Kifaa cha kulinda umeme, kile wauzaji wanachokiita gadi, kinakusubiria chenyewe.

Hapohapo, dawa za haraka za kiyoyozi. Maji yakidondoka ndani, bomba la kutolea maji limeziba, lipulizwe. Barafu ikiganda kwenye bomba, zima mashine, osha filta, na ikirudia ndipo uulizie gesi. Sakiti breka ikiruka kila unapowasha, usiirudishe mara ya tatu. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

11. Panga kazi kwa miezi
Aprili mvua zikiisha, kagua misumari ya bati na madoa kwenye dari, kwa sababu dari iliyolowa haizuii joto wala baridi. Mei ziba nyufa na ujaribu hita mchana ukiwepo, siyo usiku wa kwanza wa baridi. Septemba ita fundi asafishe kiyoyozi chote, ndani na nje, na apime kapasita za mapangaboi. Ukingoja Oktoba, utamkuta ana foleni ya watu wote wa Lizaboni na Bombambili.