Kujaribu Chombo Kabla Hakijaundwa: Somo la Sayansi kwa Darasa la Sita

Mwalimu anayesomesha katika kisiwa kidogo kama Makoongwe, kilicho mbele ya bandari ya Mkoani, Pemba, hutambua upesi gharama ya kosa linalogunduliwa baada ya safari. Fundi akivuka kwenda Mkoani kununua mbao, kisha kipimo kikawa si sahihi, hana budi kuvuka tena. Yafaa somo hili lianze na mfano huo.

Madhumuni: Mwanafunzi aelewe kwa nini wahandisi huijaribu prosesa ya ishara kabla haijatengenezwa. Prosesa hiyo ni chipu iliyomo ndani ya simu ya mkononi. Hupokea sauti iliyogeuzwa kuwa namba, ikaipunguzia kelele kwa hesabu za haraka. Kutengeneza chipu huchukua miezi, na kosa lililokwisha kuingia katika umbo lake halifutiki. Kwa sababu hiyo huundwa kwanza mfano wake ndani ya kompyuta, unaotii amri zilezile. Waandishi wa programu huanza kazi kwa mfano huo, chipu yenyewe ikiwa bado haijatoka kiwandani. Hivyo kazi mbili ambazo zingefuatana huenda sambamba.

Vifaa: Kadi saba na chaki. Kompyuta haihitajiki.

Hatua: Wanafunzi saba wasimame mstari mmoja, wakishika namba 6, 6, 6, 15, 6, 6, 6. Namba 15 ni kelele. Kanuni ya kwanza: chukua namba tatu zinazofuatana, zijumlishe, gawa kwa 3, kisha sogea hatua moja. Jibu ni 6, 9, 9, 9, 6. Kelele imepungua, lakini imeenea. Waulize wafanyeje, nawe usiharakishe kuwajibu. Kanuni ya pili: zipange namba tatu kwa ukubwa, uchukue ya katikati. Jibu ni 6, 6, 6, 6, 6. Kanuni imebadilishwa, na hakuna kilichovunjwa.

Tanbihi: Kundi litakalosahau kugawa litapata 18, 27, 27, 27, 18. Usilikemee, waache walitafute kosa wenyewe. Ubaoni limegharimu chaki tu. Ndani ya chipu lingegharimu miezi. Wakumbushe pia kwamba mfano si chombo chenyewe: chipu ikishatengenezwa hupimwa tena, kwani joto na hitilafu za umeme huenda zisionekane katika mfano.

Mwanafunzi anayeogopa kukosea hatajaribu kitu. Kazi ya mwalimu ni kumpa mahali ambapo kukosea ni rahisi na kusahihisha ni rahisi zaidi.