Tatizo la Uainishaji na Mtawanyiko wa Chura wa Makucha wa Nyanda za Juu (Xenopus borealis)

Vyura wa jenasi ya Xenopus hutambulikana kwa makucha meusi yaliyo katika vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma. Hawana ulimi, na karibu maisha yao yote huyapitisha majini. Jina la jenasi lilitolewa na Wagler mwaka 1827. Kabla ya hapo, mwaka 1802, Daudin alikuwa amemweka X. laevis wa kusini mwa Afrika katika jenasi ya Bufo, pamoja na vyura wa nchi kavu wenye ngozi ya vinundu. Kosa hilo halimshangazi msemaji wa Kiswahili, ambaye neno lake moja, chura, huwajumuisha wote.

Tatizo linalochunguzwa hapa ni la X. borealis. Parker, alipomweleza mwaka 1936 kutokana na vielelezo vya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, alimhesabu kuwa nususpishi tu ya X. laevis. Baadaye ilidhihirika kuwa ni spishi kamili, tena iliyo karibu zaidi na X. muelleri, aliyeelezwa na Peters mwaka 1844 kutoka Msumbiji. Idadi ya kromosomu haisaidii kuwatenganisha, kwani wote watatu wana kromosomu 36. Kinachosaidia ni kipapasio cha chini ya jicho, ambacho kwa X. muelleri ni kirefu dhahiri, pamoja na makazi: borealis ni wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ilhali muelleri ni wa maeneo ya chini yenye joto, yakiwemo ya pwani ya Afrika Mashariki.

Kutozingatia tofauti hizo kulileta mkanganyiko mkubwa. Mwaka 1972 Brown, Wensink na Jordan, huko Marekani, walilinganisha jeni za RNA ya ribosomu za X. laevis na za chura waliyemwita X. mulleri. Waligundua kwamba sehemu zinazozitenganisha jeni hizo, ambazo hujirudia mara nyingi, zilifanana mno ndani ya kila spishi na kutofautiana mno baina ya spishi hizo mbili. Hapo ndipo ilipopata nguvu hoja kwamba nakala za jeni hubadilika kwa pamoja. Lakini mwaka 1977 Brown, Dawid na Reeder walitangaza kuwa chura yule alikuwa X. borealis. Hoja ilibaki salama. Lililoanguka ni jina. Asomaye machapisho ya miaka ile hana budi kulisahihisha kila alionapo.

Wala muelleri mwenyewe hakusalimika: mwaka 2015 Evans na wenzake waliwatenga vyura wake wa upande wa magharibi, wakawaita X. fischbergi.