Somo: Je, Tutumie Broka Kununua Nyumba Mpya?

Ndugu wanakikundi, mara nyingi broka anayewatembeza kuona nyumba mpya analipwa na yule anayeuza. Sasa atawatetea ninyi vipi? Msimchukie, ni kazi yake, lakini mjue yuko upande gani.

Mnaweza kutafuta ajenti wenu na kumlipa wenyewe. Sheria ya 1984 inataka awe amesajiliwa na bodi yao, basi aonyeshe cheti kwanza. Atawasaidia kupatana bei.

Lakini pesa zikiwa chache, mimi naona afadhali wakili na fundi. Fundi ataona nyufa zilizofichwa na rangi. Wakili atafanya sachi kwa ofisi ya ardhi. Hapa kwetu Ewuaso Kedong ardhi ilitoka kwa grupu ranchi, kwa hiyo hakikisheni hati iko kwa jina la muuzaji mwenyewe, na mke wake amekubali. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, kibali cha bodi ya ardhi kiombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila hicho, sheria yasema mkataba ni bure.

Zungumzeni: Nani wetu ataenda ofisi ya ardhi, na nauli itatoka wapi?